Beni Barabarani

Wako wanaoidharau beni. Husema ni muziki wa askari na watoto wa shule, mdundo uleule kwenda na kurudi. Mimi nathubutu kusema kwamba nguvu ya beni ya Jon Sims ilitoka humo humo. Sims, mwalimu wa muziki mwenye asili ya Kansas, aliwakusanya mashoga na wasagaji wa San Francisco mwaka 1978, na mwezi Juni wakaandamana na matarumbeta yao. Mmarekani aliyekulia mji mdogo aliujua mlio ule: ni wa kwao, kule ambako watu wa namna hiyo hawakudiriki kujitaja. Ukiupima kwa kipimo cha ukumbini, utaukosoa bure. Beni za aina hiyo ziliunda umoja wao mwaka 1982; Sims mwenyewe aliuawa na UKIMWI mwaka 1984. Clinton alipoapishwa, 1993, walipangwa kando ya njia, wakapiga wamesimama. Beni ya kuandamana, imesimama! Ni kualikwa karamuni ukala mlangoni. Mwaka 2009, siku ya Obama, walipita katikati ya barabara.