Mzigo Usiobebwa

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na walikuwa na sababu. Wapagazi wa Unyamwezi walikuwa wakitwishwa kilo 30 hivi kila mmoja na kutembea nazo kutoka bara hadi Bagamoyo. Lakini msemo huo hausaidii kitu pale lori la Fuso linaposimama mbele ya nyumba ya seremala mjini Njombe, mgongoni likiwa na mashine ya kuranda yenye uzito wa nusu tani. Hapo bega halina kazi. Mwite Mnyamwezi, mwite Mbena: anayejaribu kuinua ameshashindwa. Nawasifu wale wahamishaji wa mashine wanaolijua hilo kabla hawajaigusa kamba.

Njombe ni nchi ya mbao. Kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949 ilipanda miti kwa ajili ya magome yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Siku hizi misindano na mikaratusi imefunika vilima vya huko pia. Mbao hushuka Makambako, barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, kisha nyingi huondoka kwenda Dar es Salaam zikiwa hazijaguswa na randa. Seremala anayeleta mashine nyumbani kwake anataka kitanda na mlango vitengenezwe huku huku. Kwa hiyo mashine hufuata njia ya mbao kinyumenyume: inapumzika Makambako, halafu inapanda kilomita 60 hivi hadi Njombe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini haikuundwa nyepesi. Uzito ndio mashine yenyewe. Visu vyake huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na mwili mwepesi ungetetemeka hadi ubao utoke na mawimbi. Chuma cha kusubu huumeza mtetemo huo. Ubaya wake ni kwamba hakipindi; kikianguka vibaya hupasuka, na ufa wake haufungiki kwa kulehemu kirahisi. Ndiyo maana mashine haidondoshwi juu ya tairi kuukuu kama pipa la mafuta.

Kiongozi wa wahamishaji huanza kwa kuizunguka, mikono nyuma, akitafuta uzito umekaa wapi. Msumeno wa mkanda, kwa mfano, ni mrefu na kichwa chake ni kizito, hivyo unataka kuanguka tangu mwanzo. Hufunguliwa mota na magurudumu kwanza. Randa haishikwi kwenye mbawa za meza yake, maana zikipoteza usawa hata kidogo, kila ubao utasema. Kisha mtaimbo huingia chini ya kona moja, chuma kinapanda kiasi cha kidole, kipande cha mbao kinasukumwa chini yake, wanahamia kona ya pili. Vipande vinarundikana taratibu mpaka mabomba ya chuma yapate nafasi ya kupita. Mashine inaviringika, bomba linalobaki nyuma linakimbizwa mbele. Sauti ya kuamuru ni moja tu. (Mwenye mashine apelekwe kunywa chai saa hiyo; ushauri wake huongeza uzito.)

Kazi yenyewe hasa iko kwenye mteremko, na Njombe kiwanja tambarare ni bahati. Mvua zikianza Novemba, udongo mwekundu huteleza hadi Mei, kwa hiyo wenye busara husubiri kiangazi, japo ukungu wa Juni hugandisha vidole. Kamba inazungushwa mara tatu kwenye shina la mkaratusi, na kijana mwembamba anakaa kwenye ncha yake akiilegeza kiganja kwa kiganja. Nusu tani inateremka kwa adabu. Kila mzunguko wa kamba haujumlishi msuguano, unauzidisha, na kijana huyo analijua hilo kwa viganja vyake. Sijaona ufundi wa useremala unaoupita huo kwa uzuri.

Kupandisha na kushusha chuma si jambo geni huku: mahandaki mengi ya TAZARA, reli iliyokabidhiwa mwaka 1976, yako kati ya Mlimba na Makambako, mahali pale ambapo kila chuma kilikuwa lazima kipande au kishuke. Tunawakumbuka marais walioitaka reli. Wenye kamba na mitaimbo hukumbukwa na wachache.

Ndani ya karakana, mambo ni mepesi zaidi. Sakafu ya zege imeachwa ikomae wiki nne, na mwenye nyumba mwerevu ameacha ukuta mmoja bila tofali hadi mashine iingie. Pima maji inawekwa mezani, kabari za chuma chini ya miguu, bolti zinakazwa. Meza inapakwa grisi, maana ukungu huleta kutu upesi. Fundi umeme akiunganisha umeme wa njia tatu na mota ikazunguka kinyume, anabadilishana nyaya mbili, basi.

Kisha malipo. Wahamishaji wanalipwa kwa kichwa, sawa na waliopakia mbao, jambo lisiloniingia akilini. Kiongozi anahesabu fedha, anagawa, anaondoka na mabomba yake. Mitaimbo ataazima popote. Mabomba haazimi, wala haazimishi.