Wale Ni Nani? Njozi na Mapenzi katika Walenisi ya Katama Mkangi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kumpima mwandishi kwa kipimo kimoja: je, ameyachora maisha kama yalivyo? Kipimo hicho kilipata nguvu hasa katika miaka ya 1970, pale riwaya kama Rosa Mistika (1971) ya E. Kezilahabi na Kiu (1972) ya Mohamed S. Mohamed zilipomzoesha msomaji kuwatafuta kitabuni watu anaoweza kukutana nao njiani. Kilikuwa kipimo chenye manufaa, nacho kiliikomaza fasihi yetu. Lakini kiliacha nyuma mazoea mabaya, nayo ni kudhani kwamba riwaya inayomrusha mtu angani imekwisha kuukimbia wajibu wake hata kabla ya kufika ukurasa wa kumi.

Makala haya yanaiangalia Walenisi (1995) ya Katama Mkangi kwa macho ya msomaji mwenye mazoea hayo. Msomaji mwenyewe ni mwalimu wa sekondari aishiye Kitengela, mzaliwa wa karibu na mji wa Kajiado, ambaye husoma ndani ya matatu apitapo Isinya kwenda kwao mwisho wa juma. Hoja zake dhidi ya riwaya za kinjozi si za kijinga, na mhakiki hana budi kuzisikiliza. Hudai kwamba katika njozi hakuna gharama. Mwandishi akikwama huleta jini. Mhusika akifa hufufuka. Msomaji akiuliza sababu, hujibiwa kuwa hiyo ni ishara. Nagona ya Kezilahabi aliianza akaiweka chini. Ugumu wake haukumtisha, kwani amesoma magumu zaidi. Lililomshinda ni kukosa ndani yake mtu wa kumsikitikia.

Jambo hilo la mwisho ndilo litakaloeleza kwa nini Walenisi, ambayo kwa mujibu wa kanuni zake ilistahili kutupwa, aliisoma mpaka mwisho.

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa maneno machache. Dzombo anahukumiwa kifo na utawala wa kidhalimu wa nchi yake. Anatiwa katika chombo na kurushwa angani ili akafie huko. Anafaulu kukiongoza chombo, nacho kinamfikisha katika sayari ambayo jina lake, likikatwa vipande, ni sentensi kamili: wale ni sisi. Huko anaikuta jamii isiyo na mnyonyaji wala mnyonywaji, na huko anampata Mtu-Binti, anayekuwa kiongozi wake wa njia na kipenzi chake.

Mwalimu wetu alinaswa kwanza na hukumu. Njozi hii haianzi kwa jini wala kwa pepo, inaanza kwa serikali. Adhabu ya kumrusha mtu angani ni ya kubuni, lakini dola linalotaka mpinzani apotee pasipo kaburi wala mashahidi si la kubuni hata kidogo. Hapa maisha ya mwandishi yanatoa mwanga. Mkangi, mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alitiwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani, katika msako wa wale walioshukiwa kuwa wa Mwakenya. Basi mtu aliyezuiliwa bila hukumu anampa mhusika wake hukumu, na kisha anampa usukani. Tena Dzombo haokolewi kwa uganga. Anaokoka kwa kutumia akili mbele ya mtambo asioujua. Mwalimu ambaye siku zote hudai gharama ilipwe aliridhika kwamba hapa imelipwa kwa jasho.

Hata hivyo, mtu angeweza kuridhika na mwanzo na bado akakipuuza kitabu. Kilichomfunga zaidi ni jina lenyewe, na nguvu ya jina hilo haiwezi kueleweka pasipo kueleza kidogo habari za mahali aliposomea.

Kitengela ni mji uliofura. Katika sensa ya 2019 ulihesabiwa kuwa na wakazi zaidi ya 150,000, na wengi wao ni watu waliokuja kutoka Nairobi na kwingineko wakitafuta ploti ya hamsini kwa mia, au kazi katika viwanda vya saruji na vya nguo vya Athi River jirani. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei. Sheria ya mwaka 1968 iliyaweka malisho kama hayo chini ya ranchi za pamoja. Baadaye ranchi zikagawanywa, kila mwanachama akapata hati yake, na hati zikaanza kuuzwa. Nyumbu waliokuwa wakitoka kwa makumi ya maelfu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda nyanda za kusini wamebaki elfu chache, kwa kuwa njia yao imejaa kuta na nyaya. Katika mji wa namna hiyo neno linalotumika kuliko yote ni “wale”. Mwenyeji akiona ua mpya husema, wale wamefika mpaka hapa. Mgeni akikuta ng'ombe bustanini mwake wakati wa ukame husema, wale hawana mipaka. Kila upande una hoja yake, na kila upande hutamka neno lile lile.

Wala ajabu hazikuanza jana. Mwaka 1904, kisha mwaka 1911, Waingereza walifunga mikataba na viongozi wa Wamaasai, na kwa mikataba hiyo wakawahamisha, mara ya pili wakiwatoa Laikipia na kuwapeleka kusini. Wamaasai walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kuupinga uhamisho huo, walijibiwa kwamba wao si raia wa mfalme wa Uingereza bali ni kama taifa la kigeni lililofunga naye mkataba, na kwa hiyo mahakama yake haina uwezo wa kuisikiliza kesi yao. Taifa la kigeni ndani ya nchi yao wenyewe! Hukumu hiyo ingetungwa na mwanariwaya, mwalimu wetu angeifunga riwaya na kusema kwamba mtunzi amezidi. Walipewa jina la “wale” kwa muhuri wa mahakama.

Mtu atokaye katika historia hiyo, akisoma kwamba ipo nchi ambayo jina lake lasema wale ni sisi, haoni tena sayari. Anaona swali.

Lakini swali peke yake huzaa hotuba, na hotuba hazimlizi mtu. Hapo ndipo mapenzi yanapoingia. Katika riwaya za Ulaya zinazochora nchi za jinamizi, mapenzi huja mapema ili yavunjwe. Yevgeny Zamyatin wa Urusi, katika riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1924 ikiwa na jina ambalo kwa Kiswahili ni Sisi hasa, aliwaonyesha watu waliopewa namba badala ya majina, ambao hata saa ya kukutana kimwili huipata kwa tikiti. Mhusika wake mkuu anapenda. Mwisho dola linampasua na kuking'oa kiungo cha kuwazia njozi, naye anamtazama mwanamke aliyempenda akiteswa bila ya moyo wake kustuka. George Orwell, mwaka 1949, aliwafanya wapenzi wake wawili wasalitiane kwa hofu. Katika vitabu hivyo viwili “sisi” ni mdomo wa dola unaommeza “mimi”. Mkangi ameigeuza njia. Kwake mapenzi yanakuja baada ya hukumu, upande wa pili wa kifo, na “sisi” ni kitu ambacho Dzombo anafundishwa kukipata upya kwa kupendwa na mtu ambaye hapo awali angemwita mmoja wa wale.

Gharama ambayo mwalimu alikuwa akiidai inapatikana hapa kwa ukamilifu. Mtu aliyenusurika, akafika penye amani, tena akapendwa, ana kila sababu ya kusahau alikotoka. Mkangi hampi raha hiyo. Kadiri Dzombo anavyompenda Mtu-Binti ndivyo nchi aliyoiacha inavyozidi kumwuma, maana sasa anajua kwa mwili wake mwenyewe kitu walichonyimwa waliobaki. Hapa msomaji amepata wa kumsikitikia.

Kuna jambo jingine, nalo mwalimu alilikumbuka njiani karibu na Isinya. Yeye asemaye hapendi njozi alilelewa na hadithi za bibi yake, na mojawapo ni ile ya Leeyo, ambayo A. C. Hollis aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamaasai. Leeyo aliagizwa na Naiteru-kop kwamba mtoto akifa, aseme mtu afe na kurudi, na mwezi ufe usirudi. Mtoto wa kwanza kufa hakuwa wake. Leeyo akayapindua maneno: mtu afe moja kwa moja, mwezi ndio urudi. Baadaye akafiwa na mwanawe mwenyewe. Akayasema maneno sahihi, akaambiwa kwamba amechelewa. Hakuna njozi yenye gharama kubwa kuliko hiyo, kwani kifo chenyewe kimeingia duniani kwa sababu mtu mmoja alisema yule si wetu. Vilevile Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert imesomeshwa mashuleni kwa miaka mingi, nayo ni nchi iliyo angani, lakini hakuna mwalimu aliyelalamika kwamba haina ardhi chini yake. Chuki ya njozi, basi, mara nyingi ni chuki ya njozi mbovu iliyopewa jina la jumla.

Pamoja na hayo, isidhaniwe kwamba Walenisi ni kazi isiyo na kasoro. Sehemu za katikati zimelemewa na darasa. Dzombo anauliza, mwenyeji anajibu. Anauliza tena, anajibiwa kwa urefu zaidi. Na msomaji anaanza kuhisi kwamba mwanasosholojia amemnyang'anya mwanariwaya kalamu. Jamii isiyo na ugomvi ni ngumu kuisimulia, na Mkangi hakuupata ufumbuzi wa tatizo hilo. Dosari iliyo kubwa zaidi inamhusu Mtu-Binti. Jina lake linatangaza nia njema, yaani utu kwanza na jinsia baadaye, lakini jina hilo pia limembana. Hakosei, hachoki, hana wivu, hana siku mbaya. Kipenzi ambaye hawezi kukosea huwa karibu na kielelezo, na laiti angaliruhusiwa kusema neno moja la kipumbavu, mapenzi yale yangalizidi kuuma. Mwalimu alilisema hilo kwa ukali kuliko yote aliyoyasema juu ya kitabu, na ni ukali wa mtu aliyekwisha kuvutwa, kwani msomaji asiyejali hamlaumu mhusika kwa kukosa dosari.

Nagona bado hajairudia. Nakala yake ya Walenisi amemwazima jirani aliyejenga ng'ambo ya ua wa nyaya, mmoja wa wale waliohamia kutoka Nairobi, naye mpaka sasa hajairudisha.