Bwana Msa hana bastola, ana maswali

Ndugu na dada wa chama, sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunamjua Maigret wa Georges Simenon kuliko Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Na wenye kusoma riwaya za Kiswahili hapa Kalundu, ukiwauliza mpelelezi wao ni nani, watakujibu haraka: Willy Gamba.

Ninawaelewa. Elvis Musiba alimleta Gamba mpaka Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi, na kusoma risasi za mji mkuu wetu kwa Kiswahili iko tamu. Lakini Gamba ni jasusi wa serikali. Ana bastola, ana wakubwa wanaomtuma, na adui yake anajulikana mapema. Kazi inayobaki ni kumfikia na kumpiga. Ukifunga kitabu umefurahi, ila hakuna swali umejifunza kuuliza.

Bwana Msa ni mtu mwingine. Alitokea katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58 na kuchapwa 1960. Ni raia wa kawaida wa Unguja, kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni. Polisi ni Inspekta Seif. Wengi wanasema ni Sherlock Holmes aliyevalishwa kanzu, na kweli mkopo upo. Waingereza wenyewe wanapenda mpelelezi asiye polisi: Ellis Peters alimpa kazi hiyo Cadfael, mtawa wa Shrewsbury anayelima mitishamba katika karne ya 12, na kuna hadithi za zama za Malkia Elizabeth I ambamo muuaji anatafutwa na mfuga kozi wa kuwindia. Watu hao, kazi zao zimewafundisha kutazama.

Mimi ninampenda Bwana Msa juu ya jambo moja. Tajiri anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanapeleka sadaka na maombi. Jibu liko tayari, kila mtu analo mdomoni. Bwana Msa anayaacha maneno ya mzimu na kuuliza ya watu. Abdulla aliona kitu kikubwa: hofu ya wengi ni maficho mazuri kwa muuaji mmoja. Hata kitabu cha pili, Kisima cha Giningi (1968), kimechukua jina kutoka Giningi, makao ya wachawi katika masimulizi ya Unguja.

Sasa turudi kwetu. Mtu akifa ghafla, kabla ya matanga kwisha umesikia: "Bamemuloga." Halafu jina linatajwa, na mara nyingi ni la bibi mzee, mjane asiye na mtetezi. Katika Kivu Kusini wanawake wa namna hiyo wamepigwa na kuchomwa mpaka kufa. Nani aliuliza maiti ilikutwa namna gani? Nani aliuliza shamba la yule bibi limebaki kwa nani? Njo maana ninasema riwaya hii si ya kupitisha wakati tu.

Kasoro zipo. Bwana Msa ana nafasi nyingi mno. Mvuvi wa Kalundu aliyekesha ziwani hawezi kuzunguka siku nzima akihoji watu. Mafumbo ya Abdulla yanategemea sana siri za nasaba, na msomaji anangoja maelezo marefu ya mwisho. Tena, Inspekta Seif anamsikiliza rafiki yake. Hapo ndipo ninapoona riwaya imejirahisishia: mwenye akili anasema, mwenye pingu anatii. Huku kwetu mwenye kuuliza anaweza kuambiwa naye ni mchawi. Riwaya ya huyo bado haijaandikwa, na ningetaka mmoja wetu aiandike, tena kwa Kiswahili cha huku.

Wanaomtetea Willy Gamba, karibuni.