Mwalimu Aliyewapa Watoto Mgongo

Marehemu mwalimu wetu wa muziki hapa Rumonge, Burundi, alikuwa na tabia ya kuwapa wanafunzi mgongo. Watoto walipanga bidoni tupu za mawese, zile za njano zilizojaa kila kona ya mji huu, kila mmoja akashika vijiti vyake viwili. Yeye aligeukia ukuta, mikono nyuma, akawaacha wapige. Baada ya muda alisema bila kugeuka: “Wa tatu kutoka dirishani, baba, unakimbia.” Wa tatu alikuwa anakimbia kweli.

Wageni walidhani bidoni ni umaskini. Ulikuwepo, sikatai. Ngoma yetu huchongwa katika gogo zima, aghalabu la umuvugangoma, ikawambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti, na kuibeba kichwani ni kazi ya mwanamume mwenye shingo. Shule ilikuwa nazo chache. Lakini mwalimu alikuwa na sababu nyingine: mtoto akipewa ngoma ya kweli siku ya kwanza hulewa sauti yake, akaacha kusikiliza wenzake. Bidoni haimsifu mtu.

Kabla ya bidoni yalikuwepo mapaja. Walipiga viganja mapajani huku wakitamka pigo kwa mdomo, nusu Kirundi nusu Kiswahili, maana darasa lilikuwa na watoto wa wavuvi, wa wakamuaji mawese, na wa waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania na lafudhi yao ya Kigoma. Kisha miguu. Vijiti vilikuja mwisho.

Anayejua ngoma za Burundi anajua kwamba kila mtoto anaitaka inkiranya, ngoma ya katikati, ambayo mpigaji wake huruka, hucheza na kuamuru. Ibishikizo huifuata. Amashakwe hazifuati mtu. Hushikilia pigo lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, na watazamaji huzisahau. Mwalimu aliwaweka watoto kwenye amashakwe muhula mzima, na hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Alisimama yeye mwenyewe katikati akaipiga inkiranya vibaya makusudi: anaharakisha, anachelewa, anakatisha pigo, anawakonyeza. Kazi yao ilikuwa kutomfuata. Aliyecheka alipotea, aliyemtazama sana alipotea, na aliyefumba macho naye alipotea, kwa kuwa mwalimu alikuja kumpigia sikioni. Waliobaki imara aliwapa ngoma.

Ziwa nalo lilimpa kazi. Unyevu wa Tanganyika hulegeza ngozi, hasa wakati wa masika, na ngoma iliyolala kwenye stoo ya shule huamka na sauti ya gunia. Siku ya sherehe aliwahi mapema kuzitoa juani. Alipitisha kiganja juu ya kila ngozi, akaidonoa kwa ukucha karibu na ukingo, upande huu na upande ule, akaigeuza kidogo ili jua lipige pale palipolegea. Nimewaona wapigaji hodari wasiojua kazi hiyo, wakalaumu ngoma.

Zamani hapakuhitajika mwalimu wa namna hii. Ngoma zilikuwa za mwami, na koo zilizokabidhiwa zilirithishana nyumbani. Ufalme ulipoondolewa mwaka 1966, elimu hiyo haikwenda nao. Pale Gishora, karibu na Gitega, mzee Antime Baranshakaje aliongoza kundi ambalo wanawe na wajukuu wake walikulia ndani yake. Mwimbaji Joni Mitchell aliweka wapigaji wa Burundi katika wimbo wake mwaka 1975, na mwaka 2014 UNESCO ikaiingiza ngoma ya kifalme katika orodha yake ya urithi. Mtoto wa Gishora huisikia ngoma kabla hajajua kutembea. Mwalimu wa shule hupewa mtoto wa mvuvi kwa saa mbili kwa wiki, tena njaa ikiwa imeshamtembelea.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkewe aliuza ndagala kavu sokoni, na majirani wote walijua kwamba kifungua mimba wao aliachwa kwenye amashakwe muda mrefu kuliko mtoto yeyote. Mama alilalamika wazi kwamba kijana anaonewa. Mimi nadhani mama alikuwa na haki. Mwenye sikio hasa alikuwa binti yao. Lakini amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizi, wakaachiwa nyimbo na michezo yao ya kike, wakati ng'ambo ya mpaka, Huye nchini Rwanda, wanawake wa kundi la Ingoma Nshya walikuwa wanapiga ngoma tangu 2004. Baba hakubishana na amri. Alimkalisha binti kwenye benchi la nyuma, na watoto wakajifunza kwamba Mwalimu akigeukia ukuta, sauti ya kusahihisha inaweza kutoka benchini pia. Kama kuna hasara niliyoiona katika darasa lile, ni binti huyo kubaki benchini.

Kilabu cha ngoma cha shule sasa kinaongozwa na mmoja wa vijana aliowafundisha mwalimu. Amezuia bidoni, anawaruhusu wadogo kugusa ngoma kubwa tangu wiki ya kwanza, na idadi ya watoto imeongezeka. Lakini amashakwe zao zinakimbia.