Denton Ilishinda Kura, Austin Ikabadili Sheria

Novemba 4, 2014, wapiga kura wa Denton, mji wa vyuo vikuu viwili kaskazini mwa Dallas, waliamua kwa takriban asilimia 59 kupiga marufuku upasuaji wa miamba kwa shinikizo la maji ndani ya mipaka ya mji wao. Hakuna mji mwingine wa Texas, jimbo lililotajirishwa na mafuta, uliowahi kufanya hivyo. Juni 2015 marufuku hiyo ilifutwa, tena na madiwani wa Denton wenyewe. Habari hii husimuliwa kama ya wanyonge waliozidiwa na fedha, lakini fedha hazikuwashinda: wapinzani wao walitumia takriban dola 700,000, karibu mara kumi ya walichokuwa nacho wakazi, na bado walianguka kwenye kura. Kilichowashinda wakazi ni mpangilio wa madaraka, na huo ndio unaostahili kuchambuliwa.

Denton imekaa juu ya Barnett Shale, tabaka la mwamba lenye gesi lililo zaidi ya kilomita mbili chini ya ardhi. Gesi yake imebanwa kwenye vinyweleo vidogo mno, haitoki kwa kutoboa tu. Kisima huteremshwa wima, kikapindwa kufuata tabaka, kisha maji, mchanga na kemikali husukumwa kwa nguvu hadi mwamba unapasuka. Mchanga hubaki kwenye nyufa kuziweka wazi ili gesi ipite. Kazi hiyo hufanyika chini kabisa, lakini kinachomfikia mkazi ni cha juu: malori, pampu za dizeli zinazonguruma usiku kucha, taa, moshi na harufu. Wakati wa kura mji ulikuwa na visima zaidi ya 270.

Msomaji wa Tanzania au Kenya, ambako madini ni mali ya umma, itabidi azoee utaratibu mwingine. Texas, mtu anaweza kumiliki nyumba na kiwanja, huku gesi iliyo chini yake ikiwa ya mtu mwingine kabisa. Na wawili hao wakigongana, sheria humpendelea mwenye madini: anaruhusiwa kuitumia ardhi ya juu kwa kadiri anavyohitaji ili afikie mali yake.

Mwanzoni baraza la Denton lilitumia dawa ya kawaida, yaani umbali. Mapema 2013 lilipitisha sheria ndogo iliyotaka kisima kipya kikae futi 1,200 kutoka kwenye makazi. Lakini kanuni za Texas humlinda aliyekwishapata kibali: hufuata masharti ya siku aliyoomba, si yaliyokuja baadaye. Eneo lililoruhusiwa zamani likaendelea kuchimbwa hata baada ya nyumba mpya kujengwa ubavuni mwake. Mwaka huohuo wakazi waliona mitambo ikisimamishwa karibu mno na nyua zao, na madiwani hawakuwa na la kufanya.

Hapo ndipo kikundi cha Denton Drilling Awareness Group, kikiongozwa na muuguzi Cathy McMullen pamoja na Adam Briggle, mhadhiri wa falsafa, kilipoacha kudai kanuni bora na kudai marufuku. Katiba ya mji iliwapa njia: wananchi wakifikisha saini za kutosha, baraza hulazimika ama kupitisha pendekezo lao au kulipeleka kwenye kura. Zilihitajika saini 571. Wao walikusanya karibu 2,000. Julai 2014 baraza lilisikiliza maoni hadi usiku wa manane ukapita, kisha likalikataa kwa kura 5 dhidi ya 2. Kukataa huko ndiko kulikolifikisha kwa wapiga kura.

Ufundi mkubwa zaidi ulikuwa katika maneno ya pendekezo. Halikukataza kuchimba gesi. Lilikataza mbinu moja tu ya kuitoa. Kama lingekataza uchimbaji wote, wenye madini wangeweza kwenda mahakamani kusema wamenyang'anywa mali na wanadai fidia. Kwa kuacha mbinu nyingine zote wazi, mji ungeweza kujibu kwamba mali ingali yao.

Tatizo ni kwamba maneno yaleyale yaliyoukinga mji upande mmoja yaliuacha wazi upande wa pili. Mbinu za uchimbaji husimamiwa na Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake ndiyo mwangalizi wa mafuta na gesi wa jimbo. Aliyepiga marufuku mbinu ameingia moja kwa moja kwenye shamba la tume hiyo.

Asubuhi baada ya kura, Denton ilishtakiwa na chama cha wafanyabiashara wa mafuta na gesi na pia na ofisi ya ardhi ya jimbo. Kabla hoja hazijaamuliwa mahakamani, bunge la jimbo mjini Austin lilipitisha Muswada Namba 40, na Gavana Greg Abbott akautia saini Mei 18, 2015. Sheria hiyo iliiachia miji mambo ya juu ya ardhi tu, kama kelele, malori na umbali, ili mradi masharti yake yawe ya busara kibiashara. Kipimo ndicho kilichobadilika: sharti la mji sasa hupimwa kwanza kwa uwezo wa mchimbaji kuendelea na kazi. Juni 16 madiwani walifuta marufuku kwa kura 6 dhidi ya 1, kwa kuwa kuitetea kungekula fedha za mji bila matumaini.

Linganisha na Dryden, katika jimbo la New York. Huko wanasheria Helen na David Slottje waliona kwamba sheria ya jimbo ilizuia miji kusimamia sekta ya gesi, lakini haikuinyima haki ya kupanga matumizi ya ardhi. Basi wakaachana na suala la namna ya kuchimba, wakashika la mahali. Mahakama ya juu ya jimbo ilikubaliana nao Juni 30, 2014, kwa majaji 5 dhidi ya 2. Denton isingeweza kuiga tu. Dryden ilijifungia kabla wachimbaji hawajaingia. Denton ilikuwa imeshatoa vibali vinavyolindwa. Mpango wa ardhi huzuia kinachokuja, hauondoi kilichopo.

Longmont, huko Colorado, ilipiga kura kama ya Denton mwaka 2012 na kushindwa katika mahakama kuu ya jimbo mwaka 2016. Lakini mwaka 2019 bunge la Colorado lilipitisha sheria iliyoipa miji mamlaka zaidi juu ya mahali na masharti ya uchimbaji. Kwa hiyo kabla ya kukusanya saini ya kwanza, wakazi wanapaswa kuuliza nani anaweza kuifuta kura yao, na kampeni yao ianze kumfikia huyo siku ileile wanapoanza kugonga milango ya majirani.