Jina Moja, Kerneli Nyingi: Uhakiki wa Uchaguzi wa Kerneli katika Mradi wa Hurd

Mradi wa Hurd ulianza mwaka 1990 ili kuipatia GNU kiungo ilichokikosa, yaani kiini cha mfumo endeshi. Seva zake ziliegemezwa juu ya Mach, kerneli ndogo iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Aghalabu kukawia kwa Hurd huelezwa kwa kuilinganisha na Linux ya mwaka 1991. Ulinganisho huo una ukweli wake, ila unafunika jambo zito zaidi: kwa miaka mingi mradi haukuwa na jibu moja kuhusu kerneli ya kutumia.

Mach yenyewe haikuwa moja. GNU Mach ilitokana na Mach 4 ya Chuo Kikuu cha Utah. Baadaye likachipuka tawi la OSKit-Mach, lililoazima viendeshi vya vifaa kutoka OSKit, zao jingine la Utah. Tawi hilo likapewa namba 2, kana kwamba ndilo mrithi, kisha likaachwa, na kazi ikaendelea katika namba 1. Anayefuata namba za matoleo hupotea hapo hapo.

Utata wa L4 ni mkubwa zaidi. Jochen Liedtke alikwisha kuthibitisha kwamba uzito wa Mach haukuwa maumbile ya kerneli ndogo zote. Lakini L4 limekuwa jina la ukoo: Fiasco ya Dresden, Pistachio ya Karlsruhe na nyinginezo, ambazo violesura vyake havilingani. Kauli kwamba Hurd "inahamia L4" haikumweleza mchangiaji aandike msimbo wake kwa kiolesura kipi. Pistachio ndiyo iliyochaguliwa. Hata hivyo, seva za Hurd zilikuwa zimefungamana na ujumbe wa Mach, hivyo kuhama kulidai kuandika upya, si kunakili. Ilipobainika kwamba Pistachio haikulinda haki za mawasiliano kama ilivyotakiwa, macho yakageukia Coyotos ya Jonathan Shapiro, kisha Viengoos ya Neal Walfield.

Kila hatua, ikitazamwa peke yake, ina hoja nzuri ya kiufundi. Hilo wakosoaji wakali hulisahau. Kasoro imo katika kuziita juhudi zote hizo Hurd, huku wajitoleaji wachache wakigawanyika. Toleo la 0.5 la mwaka 2013 lilitoka pamoja na GNU Mach 1.4.