Habari, Tarehe na Tarikhi

Kiswahili kimelipa neno moja mambo ambayo lugha nyingine huyatenga. Mtu akirudi safari tunamuuliza habari. Gazeti hutuletea habari. Na maandiko ya kale yanayosimulia miji yetu na watawala wake nayo yameitwa Habari za Pate, Habari za Wakilindi, Khabar al-Lamu. Sidhani kuwa waliotoa majina hayo walipungukiwa na msamiati. Walijua kwamba mleta habari, awe mjumbe, mwandishi wa gazeti au mtunza kumbukumbu za wafalme, ana wajibu mmoja: kueleza lililotokea kwa mfuatano wa kutokea kwake, na kusema amelipata kwa nani.

Utanzu huo ndio ninaouita hapa tarikhi. Neno hili na neno tarehe ni ndugu wa tumbo moja. Kwa Waarabu ni neno moja tu. Sisi tukalizaa mara mbili, moja likabaki na hesabu ya siku na jingine likachukua masimulizi ya zama. Kosa la wahakiki wengi ni kuwachanganya ndugu hawa. Mwanahistoria huichukua tarikhi akaipima kwa tarehe zake tu. Akiziona zimekosewa huitilia shaka yote. Mhakiki wa fasihi naye huitafutia tamathali na mafumbo; asipoyapata huipita, akasema haya ni maandishi makavu. Hivyo tarikhi imekuwa mtoto anayekataliwa na nyumba mbili.

Tuitazame tarikhi ya Pate. Inasimuliwa kwamba kitabu chenyewe cha ukoo wa Nabahani kiliteketea Oktoba 1890, Waingereza waliposhambulia Witu. Maandiko tuliyo nayo leo yanarejea kwa mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini, ambaye habari hizo alizipokea kwa babu yake. Stigand alizichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner akafuatia 1914 na 1915, na Marina Tolmacheva akakusanya nakala mbalimbali pamoja mwaka 1993. Moto ulikula karatasi. Kilichosalia kilisalia kifuani mwa mzee. Ajabu ni kuwa majina yaliyozoeleka katika marejeo ya wataalamu ni ya wakusanyaji, na jina la mwenye habari hutajwa kwa kupita njia.

Mwaka 1969 Neville Chittick aliikosoa vikali tarikhi hii, na katika hesabu ya miaka alikuwa na hoja. Lakini zingatia habari ya Shanga, mji uliokuwa katika kisiwa hicho hicho. Tarikhi inasema Pate iliupiga Shanga na kuushinda, na kwa hesabu yake jambo hilo liliangukia karne ya 13. Mark Horton, aliyechimba magofu ya Shanga katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Basi tarehe imepotea njia kwa zaidi ya karne moja. Lakini kwamba palikuwa na mji, na kwamba mji huo ulikoma ghafla kuwa mji, kinywa cha mzee kilikuwa kikilihifadhi kabla jembe la mchimbaji halijagusa udongo. Tarehe ilianguka, tarikhi ikasimama.

Sanaa ya utanzu huu nayo ipo, ila haiko pale tunapoitafuta. Imo katika silabi moja, nayo ni *ka*. Akaja, akatawala, akazaa, akafa, akatawala mwanawe. Lugha yetu imejaaliwa kiambishi kinachofuatanisha matendo bila kudai kwamba moja ndilo lililosababisha jingine. Mwandishi wa tarikhi huyapanga mambo kama shanga katika uzi, akamwachia msomaji kuamua kama kifo cha mfalme kilitokana na dhuluma yake au kilikuja tu kama vifo vijavyo.

Nami nimewahi kulikosea hilo. Zamani, nilipokuwa nikitafsiri kurasa za tarikhi kwa Kiingereza, nilichoshwa na mwendo huo wa *ka* na *ka*. Nikaanza kutia "kwa sababu hiyo" hapa na "hata hivyo" pale, ili maneno yateleze. Nilipoyasoma tena baada ya miezi, niliona nimemsemesha marehemu asiyoyasema. Yeye alishuhudia, mimi nimemgeuza hakimu. Niliirarua tafsiri ile nikaanza upya, na mpaka leo naona haya kwa jinsi nilivyokuwa nikijiona mweledi.

Sisemi kwamba tarikhi haina hila. Mwenye kuandika ukoo wa watawala hula mezani pao. Tarikhi ya Pate huitukuza nyumba ya Nabahani, na Khabar al-Lamu, ya Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy, iliyochapishwa na Hichens mwaka 1938, huusemea mji wa Lamu. Vita vya Shela vya takriban 1812 vilikuwa ushindi kwa upande mmoja na msiba kwa mwingine. Dawa ya hila hiyo ni kuzisoma zote mbili, huku tukijua kila moja ni ulimi wa nani. Shahidi mwenye upendeleo lakini mwenye jina anaweza kuhojiwa. Asiye na jina hahojiki.

Washairi wetu walilijua hilo. Hemed Abdallah el-Buhriy alipotunga kuhusu Wajerumani kuitwaa Mrima, mwaka wa Hijria 1307 ulikaa katika jina lenyewe la utenzi kama tunavyoujua leo kwa chapa. Na ilikuwa desturi ya watunzi wengi wa tenzi kufunga kazi kwa kutaja jina lao na siku waliyomaliza. Tumezoea kuyaona hayo kuwa mapambo ya kuagia. Kwa hakika ni sahihi ya shahidi. Vina na mizani humsaidia msikilizaji kukumbuka. Jina na tarehe humpa wa kumuuliza.

Magazeti nayo yalianza kwa kufuata nyayo hizo. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea barua, habari na mashairi kutoka kwa wasomaji wa miji mingi, na Shaaban Robert ni miongoni mwa waliosomwa humo. Leo ukifungua gazeti unakutana na "imeelezwa kuwa", "inadaiwa", "imefahamika". Imeelezwa na nani? Imefahamika kwa nani? Umbo hilo la kitenzi limemficha shahidi, na habari isiyo na shahidi ni uvumi uliopigwa chapa. Mwandishi wa habari wa leo ndiye Bwana Kitini wa wajukuu zetu. Wao watamsoma wakitaka kujua tuliishi vipi, na watakuta kauli zisizo na wenyewe.

Basi ombi langu kwa wasomaji wa kurasa hizi si kubwa. Katika nyumba nyingi za mwambao bado mna daftari la babu, na mna bibi anayekumbuka mwaka wa tufani au wa njaa. Anayeketi naye na aandike jina lake, mahali na siku, kisha ayaandike maneno kama yalivyotamkwa, pamoja na *ka* zake zote. Asiyatengeneze. Tarehe ikiwa na kosa, watakuja wengine wairekebishe. Sauti ikishafutwa, hakuna wa kuirudisha.